Mwenye Karatasi na Mwenye Kazi: Uhakiki wa Istilahi za Michoro ya Filamu

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwetu na wafasiri, yako yale ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa ni ya watu wachache wenye nafasi. Moja la namna hiyo limetoka Arusha. Mfasiri mmoja wa mji huo alipewa kazi ya kutia katika Kiswahili orodha ya vitu vya mkusanyaji wa wilaya ya Arumeru, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akihifadhi michoro, ramani, sanamu na karatasi nyingine zilizotumika kutayarishia filamu, hasa filamu za safari za anga, za mashine zenye akili na za nchi zisizokuwapo. Orodha hiyo inakusudiwa kutumika katika mambo matatu: maonyesho kwa wanafunzi, bima na wosia. Mfasiri ameimaliza kazi yake, na ametuletea nakala ili tuihakiki.

Yamkini wapo wasomaji watakaouliza kama istilahi za mambo kama haya zinastahili kurasa za jarida letu wakati bado tuna upungufu katika kilimo, afya na sheria. Jibu letu ni kwamba maneno yanayobishaniwa katika orodha hii si ya filamu peke yake. "Asili", "nakala", "mbunifu", "mmiliki" na "hakimiliki" ni maneno yaliyomo katika daftari za makumbusho, fomu za forodha, mikataba ya wachoraji na hukumu za mahakama. Mji wa Arusha, wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ni mji wa wafasiri. Neno likikosewa hapo katika jambo dogo, huenda likakosewa hapo hapo katika jambo kubwa.

Hoja ya makala haya ni moja. Istilahi ya kitu kilichohifadhiwa haina budi kutuwezesha kujibu maswali matatu: kitu hiki kilifanywa katika hatua gani ya kazi, je, ni kazi ya mkono au ni chapa, na ni nani mwenye karatasi, ni nani mwenye kazi iliyomo ndani yake? Tafsiri ya Arusha ni nzuri mahali pengi. Inapoteleza, huteleza kwa sababu neno moja limebebeshwa majibu mawili.

1. Jina la filamu zenyewe

Orodha inaanza na karatasi za Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962. Sehemu kubwa ya picha zake zilipigwa Tanganyika, kule Momella chini ya Mlima Meru na katika mji wa Arusha wenyewe. Si filamu ya mambo ya anga, bali ya watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama. Imewekwa mwanzoni kwa sababu ndiyo iliyomtia mkusanyaji katika shughuli hii. Mtaalamu wa istilahi ana jambo la kujifunza hapo: mabango ya filamu hiyo yalichapishwa Marekani, Ujerumani, Ufaransa na Italia, na pote neno letu "hatari" liliachwa kama lilivyo. Basi neno la Kiswahili lilikwisha kusafiri katika karatasi hizi bila kuhitaji mkalimani. Mfasiri ameita karatasi hizo "mabango", naye amefanya vyema, kwa kuwa ndilo neno la mtaani, na halina haja ya mbadala.

Baada ya Hatari! zinafuata filamu ambazo mfasiri ameziita "filamu za sayansi". Hapa hatukubaliani naye. Mwalimu akiambiwa kwamba kuna maonyesho ya filamu za sayansi, ataleta wanafunzi wake wakitarajia somo la usanisinuru au la mzunguko wa damu. Kinachokusudiwa ni masimulizi ya kubuni yaliyojengwa juu ya sayansi, au juu ya kile ambacho sayansi huenda ikaleta. "Filamu za kubuni za kisayansi" ni jina refu kidogo, lakini halimdanganyi mtu.

Wala asiseme mtu kwamba jambo lenyewe ni geni kwetu. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, kitabu cha nchi iliyo angani, ambayo wajumbe wake hutumwa pande zote pamoja na mbinguni na ardhini. Katika sinema, Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya dunia iliyokaukiwa na maji baada ya vita, ambamo watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa na kuhesabiwa hata jasho lao. Tena yafaa ikumbukwe kwamba Asha, mhusika mkuu wa Pumzi, ni mtunzaji wa makumbusho, na kisa chote kinaanza pale anapoletewa kifurushi cha udongo kisicho na jina la mpelekaji. Kazi yake ya kwanza ni kukitambua kitu kilichomo mkononi mwake. Ndiyo kazi ya orodha yetu pia.

2. Michoro ya kwanza: dhana au rasimu?

Sehemu kubwa ya mkusanyo huu ni michoro inayofanywa kabla kamera haijawashwa, ili mwongozaji, mafundi na wenye fedha waone kwa macho jambo ambalo bado liko kichwani. Mfano unaojulikana sana ni wa Ralph McQuarrie, ambaye mwaka 1975 aliajiriwa na George Lucas kuchora matukio ya Star Wars, filamu iliyotoka mwaka 1977. Hati ya filamu peke yake isingetosha kuwaonyesha wakuu wa kampuni mambo gani yangetengenezwa. Michoro ya McQuarrie iliwaonyesha. Kadhalika Syd Mead aliuchora mji wa Blade Runner, filamu ya mwaka 1982, kabla haujajengwa.

Mfasiri ameita michoro hii "sanaa ya dhana", akifuata maneno mawili ya Kiingereza moja baada ya jingine. Kosa la tafsiri hii ni kwamba tayari kuna aina nyingine ya sanaa ambayo jina hilo linaifaa zaidi, nayo ni ile inayodai kwamba wazo ndilo kazi yenyewe, na kwamba kitu kinachoonekana si lazima kiwe kizuri wala kifanywe na mkono wa msanii. Sanaa hiyo ilijadiliwa sana Ulaya na Marekani katika miaka ya 1960. Michoro ya filamu iko kinyume chake kabisa. Hapo kitu kinachoonekana ndicho kinachotakiwa, kwa vipimo, rangi na kivuli chake, ili seremala, mshonaji na mpiga picha wakifuate. Kuviita vyote "sanaa ya dhana" ni kumpeleka mwanafunzi wa sanaa mlango usio wake.

Kwa utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi, hatuna budi kutazama kwanza kilichomo katika Kiswahili kabla ya kwenda mbali. Kiswahili kina neno "rasimu". Leo hulitumia zaidi kwa maandishi, na tangu mjadala wa Katiba wa mwaka 2013 na 2014 limeenea hata vijijini. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu kuchora. Maana yake katika Kiswahili, yaani kazi iliyotangulizwa ili ijadiliwe, irekebishwe au ikataliwe, ndiyo hasa maana ya michoro ya McQuarrie. Tunapendekeza "rasimu ya picha". Tumeongeza "ya picha" kwa makusudi, kwani "rasimu ya filamu" ingeweza kudhaniwa kuwa ni hati ya maneno.

Neno la pili linalotutatiza ni "ubao wa hadithi", kwa ile michoro midogo inayopangwa kwa zamu kuonyesha tukio moja baada ya jingine. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1930, kwenye karakana ya Walt Disney, michoro hiyo ilibandikwa juu ya ubao, na jina likatoka hapo. Lakini ubao kwetu ni ule wa darasani au wa seremala. Mfasiri mwenyewe amejikuta akiandika "ubao wa hadithi uliojalidiwa kitabu", maneno yanayomchekesha msomaji pale anapotakiwa kuelewa. "Mfuatano wa michoro" hueleza kitu kilivyo, kiwe ubaoni, kitabuni au penginepo.

Hata hivyo, ziko sehemu ambazo mfasiri ameshinda. Michoro yenye vipimo vya vyombo na vyumba ameiita "ramani", kama anavyosema kila mtu wa Arusha anayejenga nyumba. Vile vidude vinavyopigwa picha vionekane vikubwa ameviita "sanamu za vyombo", kwa mfano ile sanamu ya chombo cha Aries 1B ya filamu 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, ambayo ilinunuliwa mnadani mwaka 2015 kwa dola 344,000. Neno "chombo" limebeba watu wa pwani baharini kwa karne nyingi. Hakuna linaloshindwa kubeba angani. Maneno haya yana sifa moja: yametoka katika vinywa vya watu.

3. Neno "asili" na hasara yake

Safu ya tatu ya orodha inataja hali ya kila kitu, na humo neno "asili" limetumika kwa wingi: "mchoro wa asili", "karatasi ya asili", "rangi ya asili". Mfasiri alikusudia kusema kwamba mchoro ni ule ule uliotoka mkononi mwa mchoraji. Lakini mtu akipita katika maduka ya vinyago ya Arusha ataona "sanaa za asili", na katika vibanda vya waganga "dawa za asili". Katika matumizi ya leo "asili" ni jambo la jadi. Mwanafunzi atakayesoma "mchoro wa asili wa chombo cha anga" ana haki ya kuuliza ni kabila gani lililokuwa na vyombo vya anga.

Baadhi ya wafasiri hukimbilia "halisi". Neno hili ni jema, ila linajibu swali jingine. "Halisi" ni kinyume cha "bandia". Chapa iliyotolewa kwa idhini ya mchoraji na kutiwa saini yake ni halisi, si bandia, wala si ule mchoro alioupaka rangi. Bei zake hazikaribiani. Kampuni ya bima ikisoma "mchoro halisi" mbele ya chapa, huenda ikaandika thamani isiyostahili. Na ikisoma hivyo hivyo mbele ya mchoro wenyewe, huenda ikaudhania kuwa ni chapa. Aliyesema "mali bila daftari hupotea bila habari" angeongeza kwamba daftari lenye neno lisilo wazi nalo hupoteza mali.

Tunapendekeza maneno manne yatumike kwa ukali: "mchoro wa mkono" kwa kazi iliyofanywa na mchoraji mwenyewe, "chapa" kwa kazi iliyotolewa kwa mtambo kwa idhini yake, "nakala" kwa kazi iliyorudufiwa baadaye kwa matumizi ya kawaida, na "bandia" kwa ile iliyofanywa ili kudanganya. "Halisi" libaki kama sifa inayoweza kuambatana na matatu ya kwanza.

Hapo hapo tugusie "adimu". Mfasiri amelitumia kwa kila kitu cha bei kubwa. Adimu ni kigumu kupatikana, si kighali. Mabango ya filamu maarufu yaweza kuwa ghali ilhali yako mengi. Ramani ya mlango wa chombo yaweza kuwa moja tu duniani na isitakiwe na mtu. Na mali iliyokusanywa ni "mkusanyo". "Mkusanyiko" ni wa watu, na askari polisi wanalijua neno hilo kwa maana yake.

4. Mwenye karatasi na mwenye hakimiliki

Sasa tunafikia jambo lililotufanya tuichukulie orodha hii kwa uzito. Katika utangulizi wa orodha mfasiri ameandika kwamba mkusanyaji "ndiye mwenye hakimiliki ya vitu vyote vilivyotajwa". Alichotakiwa kusema ni kwamba vitu hivyo ni mali yake. Tofauti hii imewahi kuwagharimu watu fedha nyingi.

Katikati ya miaka ya 1970 Alejandro Jodorowsky alijaribu kutengeneza filamu ya Dune, riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965. Aliwakusanya wachoraji kama Moebius, Chris Foss na H. R. Giger, na kazi zao zikatiwa katika kitabu kikubwa kilichopelekwa kwa makampuni ya filamu. Filamu haikutengenezwa, kitabu kilibaki, katika nakala chache. Mnamo Novemba 2021 nakala moja iliuzwa mnadani Paris na Christie's kwa zaidi ya euro milioni 2.6, ilhali ilikadiriwa kuuzwa kwa euro 25,000 hadi 35,000. Walionunua walikuwa kikundi cha watu waliochanga fedha kwa njia ya mtandao, kwa jina la Spice DAO. Mwezi Januari 2022 walitangaza kwamba wangekitoa kitabu kwa umma na kutengeneza mfululizo wa katuni kutokana nacho. Wakaambiwa na ulimwengu mzima jambo ambalo wangeliuliza mapema: aliyenunua kitabu amenunua kitabu. Haki ya kukichapisha, kukigeuza au kukitengenezea filamu hainunuliwi pamoja na karatasi.

Kama watu hao waliteleza katika lugha ambamo maneno mawili hayo hayafanani hata kidogo, je, sisi tutapona? Kwetu "hakimiliki" limeundwa kwa "haki" na "miliki", na masikio ya mtu wa kawaida yanasikia "haki ya kumiliki". Mwenye shamba ana haki ya kumiliki. Mwenye mchoro ana haki ya kumiliki. Basi kila mmoja atajiona kuwa na hakimiliki. Neno lenyewe linamwelekeza kwenye kosa.

Hatupendekezi libadilishwe. Limekwisha kuzoeleka katika sheria tangu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na istilahi ya sheria haivunjwi kwa sababu ya jarida. Tunachopendekeza ni kwamba popote panapozungumzwa kitu chenyewe, wafasiri waache "mmiliki" na "umiliki", watumie Kiswahili chepesi: "mwenye mchoro", "mwenye karatasi", "mali ya fulani". "Hakimiliki" iandikwe pale tu inapozungumzwa haki ya kazi, na daima itajwe pamoja na jina la kazi, si la kitu. Kwa mfano: "Mchoro huu ni mali ya fulani, hakimiliki ya kazi iliyomo ni ya kampuni fulani." Wosia ukiandikwa hivyo, warithi hawatagombana juu ya jambo ambalo marehemu hakuwa nalo.

5. Kiolezo, na jina lisiloandikwa

Limebaki neno moja ambalo orodha haina kabisa, na kukosekana kwake kunatuhusu sisi wa nchi hii zaidi ya wengine.

Mwaka 1976 Giger alichora picha aliyoiita Necronom IV. Hakuichora kwa ajili ya filamu. Ridley Scott aliiona katika kitabu cha michoro ya Giger, na kutoka hapo likazaliwa lile dubwana la Alien, filamu ya mwaka 1979. Picha hiyo si rasimu, kwa maana haikufanywa ili filamu itengenezwe. Ni kitu kilichokuwapo, kikatazamwa, kikafuatwa. Kiswahili kina neno lake, nalo ni "kiolezo".

Sasa tutazame filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi yake na kupewa tuzo ya Oscar mwaka 2019, ameeleza wazi kwamba mavazi ya wale askari wanawake yalichota, pamoja na mambo ya watu wengine wa Afrika, katika rangi nyekundu na kazi ya shanga ya Wamasai. Michoro ya mavazi hayo leo ni vitu vya kuhifadhiwa na kuonyeshwa. Katika tafsiri ya Arusha mchoro wa namna hiyo una safu ya "mbunifu", nayo imejazwa jina la mchoraji. Hapana safu ya kilichotazamwa.

Hatusemi kwamba Carter amemnyima mtu haki yake. Yeye amesema hadharani alikochota. Tunachosema ni kwamba daftari halina mahali pa kuyaandika maneno yake. Picha ya Giger ina jina, mwaka na mwenyewe, kwa hiyo kila mwandishi wa orodha huitaja. Kazi ya shanga ya mama wa Kimasai haina karatasi iliyotiwa saini, kwa hiyo hupita bila kutajwa, ingawa mbele ya mchoraji vitu vyote viwili vilifanya kazi moja. Sheria ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Lakini sheria haiwezi kulinda kitu ambacho orodha hazikitaji, na orodha haziwezi kutaja kitu kisicho na istilahi. Safu ya "kiolezo" ikiwekwa, hata kama itajazwa "kazi ya shanga ya Wamasai, fundi hajulikani", mahali pake patakuwa pamekwisha kuandaliwa. Na siku fundi akijulikana, jina lake lina pa kuingia.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) filamu ya kubuni ya kisayansi: masimulizi ya sinema yanayojengwa juu ya sayansi;
(b) rasimu ya picha: mchoro uliofanywa kabla ya filamu ili kuonyesha itakavyokuwa;
(c) mfuatano wa michoro: michoro inayopanga matukio kwa zamu;
(d) ramani na sanamu ya chombo: kama alivyotumia mfasiri wa Arusha;
(e) mchoro wa mkono, chapa, nakala, bandia: kwa tofauti zilizoelezwa juu;
(f) mkusanyo: mali iliyokusanywa; mkusanyaji: aliyeikusanya;
(g) mwenye mchoro: mwenye kitu; mwenye hakimiliki: mwenye haki ya kazi;
(h) kiolezo: kitu kilichokuwapo ambacho mchoraji alikitazama na kukifuata.

Hizi si amri. "Rasimu ya picha" huenda ikapingwa na wachoraji wenyewe, na tungependa kusikia wanavyoiita wao wanapofanya kazi Dar es Salaam, Nairobi au Arusha. Neno la fundi likiwa zuri kuliko la ofisini, la ofisini litaondoka. Walimu wa sanaa na maofisa wa makumbusho wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika daftari zao na kutuletea maoni. Mfasiri wa Arusha tumemrudishia orodha yake ikiwa na marekebisho haya. Tumemwomba abadilishe kwanza ile sentensi ya hakimiliki, kabla wosia haujatiwa saini.